Kabla ya Kuchimba Msingi, Muulizeni Atakayeshinda Ndani



Mama zangu, dada zangu na wazee wenzangu, juma hili naomba radhi niliweke kando somo letu la kawaida, kwani limenizukia jambo la nyumbani kwangu ambalo naona litazifaa nyumba nyingi. Binti yangu wa tatu anajenga. Mumewe yuko Doha kwa kazi, na mchoro wa nyumba ulikuja kwa simu: nyumba ya kupendeza macho, yenye vioo kuanzia sakafuni hadi juu upande wa magharibi, paa bapa la zege, na viyoyozi vitano. Binti aliniletea simu baada ya Isha, akanionyesha picha moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, hii tutaweza kuitilia tokeni?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimtazama mamangu, bibi yake, aliyekuwa ameketi mkekani akivuta uradi, nikaona haya. Kwani mimi ndiye niliyewahi kumjengea yeye nyumba ya namna hiyo hiyo.

Yapata miaka kumi na moja sasa. Mama alikuwa akikaa katika nyumba ya marehemu babangu, nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene kiasi cha dhiraa, na juu yake makuti. Makuti yalikuwa yamechakaa na mvua ya masika ilikuwa ikimwagika hadi kitandani. Mimi nikaona kumfanyia mzazi hisani ni kuibomoa na kumjengea mpya. Nikajenga kwa bloki nyembamba, nikamwaga zege juu, na vyuma vya nguzo nikaviacha vimesimama wima kuelekea mbinguni, kwa tamaa ya ghorofa ambayo wanangu wangeijenga siku moja. Ghorofa haikuja. Vyuma viko pale pale hadi leo, vimeshika kutu.

Mama alihamia kwa furaha na maulidi tukasoma. Kisha ikaingia Machi, mwezi ambao kaskazi limekwisha nguvu na kusi halijaja. Usiku mmoja niliamka saa nane nikakuta kitanda chake ki tupu. Nilimtafuta nikamkuta amelala kwenye ngazi ya kupandia darini, mkeka umekunjwa mara mbili, kichwa kakiweka penye kidato kile ambacho pumzi kidogo ya upepo hushukia. Akaniambia, "Mwanangu, humu ndani mna joto la tanuri la chokaa. Lakini nyumba ni nzuri, Mungu akujaze kheri." Dua ile ilinichoma kuliko lawama.

Basi nilimwendea mhandisi mmoja, mtu mzima anayeswali nasi, ambaye ameyafanya maisha yake yote katika mambo ya umeme, maji na hewa ya majumba. Mengi ya yanayofuata niliyapata kwake, na mengine niliyapata kwa kukosea. Nayaandika kwa ajili ya kina mama hasa, kwa sababu moja iliyo wazi. Mwanamume huamua nyumba, kisha hutoka alfajiri akarudi magharibi. Anayeshinda ndani saa za jua kali, jikoni, na mtoto mgongoni, ndiye asiyeulizwa.

Jambo la kwanza alilonieleza ni kwamba sisi watu wa Pwani jua letu ni la utosini. Mombasa iko takriban nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Oktoba, jua hupita juu ya vichwa vyetu barabara. Kwa hiyo sehemu ya nyumba inayopigwa zaidi si ukuta, ni paa. Zege hulinywa joto kutwa nzima, nalo halilitoi mara moja. Hulipitisha polepole, likatokea upande wa chini jioni na usiku, saa zile zile mnapotandika vitanda. Ndiyo maana mtu huweza kuingia chumbani saa nne asubuhi akaona pana nafuu, akaingia saa nne usiku akaona hapalaliki, ilhali nje kumetulia na kumepoa. Chumba hakikosi hewa peke yake. Mmelaliwa na jiwe la moto.

Wazee wetu walilijua hili bila ya chuo cha uhandisi. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni darasa tosha kwa mwenye macho. Mapaa bapa ya chokaa kule mara nyingi yaliezekewa makuti juu yake, yaani paa juu ya paa, upepo ukipita katikati na jua likiishia kwenye makuti. Njia nyembamba za mitaani hufanya nyumba zitiliane kivuli. Kiwanda cha ndani kiko wazi juu ili joto lipate pa kutokea. Na ndani ya choo mna birika la maji, ambamo waliweka visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakapachika bakuli la kauri, ili birika likipungua maji wakati wa kusafishwa, samaki wabaki na maji yao. Mtu aliyefikiri hadi hapo hakuwa mjinga wa nyumba.

Sisemi turudi kwenye vyumba vile. Vilikuwa vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko haziwezi kuvuka upana mkubwa, vilikuwa na giza, na chokaa yake ilitaka kuhudumiwa kila mara. Mikoko yenyewe leo inafaa kuhifadhiwa. Makuti nayo yakishika moto hayasubiri. Tunachoweza kuchukua ni hesabu yao, si lazima vifaa vyao.

Hesabu yenyewe mhandisi wangu aliianzia mahali ambapo sikutarajia. Aliniuliza, "Sheikh, ukisimama kuswali hapa Mombasa unaelekea wapi?" Nikasema, "Kibla." Akasema, "Na kibla chetu ni upande gani wa dira?" Nikafikiri, nikasema, "Kaskazini." Naam, Makka iko karibu katika mstari mmoja nasi, juu moja kwa moja, na tofauti yake kutoka Vanga hadi Lamu ni ndogo mno. "Basi," akasema, "huna haja ya kununua dira. Ukuta mrefu wa nyumba uelekee kibla, na mwenzake uipe kibla mgongo. Kuta fupi ndizo ziwe mashariki na magharibi."

Sababu yake ni hii. Jua la mashariki na la magharibi huwa chini, huingia dirishani kama mshale, na hakuna upenu wa kulizuia. Ama kaskazini na kusini, jua letu haliinami sana hata katika Juni na Disemba. Upenu wa sentimita 60 tu, saa sita mchana, hutia kivuli zaidi ya mita moja ya ukuta ulio chini yake. Kwa hiyo dirisha la upande wa kibla au la upande wa pili hukingwa kwa gharama ya upenu, na dirisha la magharibi halikingwi ila kwa mti, kwa baraza pana au kwa luva zilizofungwa. Mchoro wa mkwe wangu ulikuwa umeyaweka madirisha yake makubwa yote magharibi, kwa kuwa huko ndiko barabara ilikopita na wapitao wangeyaona.

Fauka ya hayo kuna upepo. Kusi hutujia kutoka kusini na kusini mashariki, kaskazi hutujia kutoka kaskazini mashariki. Nyumba iliyonyooka mashariki kwenda magharibi hupokea pepo zote mbili ubavuni. Lakini upepo ni kama mgeni mwenye adabu, hauingii penye mlango mmoja tu. Hutaka pa kuingilia na pa kutokea. Chumba chenye dirisha upande mmoja, hata liwe pana namna gani, hewa yake husimama. Nyumba niliyomjengea mama ilikuwa na madirisha upande mmoja, kwa sababu upande wa pili ulikuwa ukuta wa jirani, nami nikaona haifai kumfungulia jirani dirisha.

Hapa pana mas'ala yetu hasa. Sitara ni haki ya mwanamke na ni haki ya jirani. Dirisha kubwa la kioo linalotazamana na njia, ndani ya wiki moja litawekewa pazia zito, na pazia halitavutwa tena. Umelipa pesa za kioo, ukapata ukuta unaopitisha joto. Dawa yake si kuziba nyumba. Upande wa jirani weka matundu marefu juu ya kimo cha mtu, chini kidogo ya dari. Joto hupanda, litatokea hapo, na hakuna jicho litakaloingia. Upande wa njia weka luva za mbao zilizoinama, au matofali yenye matundu, au vyote viwili. Mama wa nyumba ataweza kuvua mtandio wake akapigwa na upepo, na mpita njia asione chochote. Na milango ya ndani iwekewe kijidirisha juu yake, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za zamani, ili mtu akifunga mlango wake usiku upepo usifungiwe pamoja naye.

Tuje kwenye viyoyozi, maana ndilo swali la binti yangu. Kiyoyozi kidogo cha chumba cha kulala hutumia takriban kilowati moja wakati mtambo wake unapofanya kazi. Kwa usiku wa saa nane, mtambo ukiwaka na kuzima, ni yuniti 5 hadi 8. Vyumba vitatu ni yuniti 15 hadi 24 kwa usiku mmoja. Feni ya darini hutumia wati 70 hivi. Kwa saa nane haifiki hata yuniti moja, na feni tatu zikikesha hazifiki yuniti 2. Chukueni hizo namba, zizidisheni kwa siku thelathini, kisha kila mtu aziangalie na mfuko wake. Feni lakini haipozi chumba, hupoza mwili kwa kukausha jasho. Kuiacha ikizunguka chumbani mtupu ni kulipa bure.

Simharamishii mtu kiyoyozi. Nyumba yenye mgonjwa wa moyo, mzee sana au mzazi wa siku chache huenda ikakihitaji. Ila kiwe chumba kimoja, nacho kizibwe sawasawa, kwa sababu kiyoyozi katika chumba chenye luva wazi hupoza mtaa. Kiwekwe nyuzi 25 au 26, si 18. Vichujio vyake vioshwe kila mwezi, na sehemu yake ya nje isuuzwe kwa maji baridi yasiyo chumvi, kwa kuwa hewa ya bahari hula vyuma vyake upesi.

Na aliyekwisha kujenga vibaya, kama mimi? Si lazima abomoe. Nyumba ya mama tuliitibu kwa awamu, kadiri Mungu alivyotufungulia. Kwanza tulipaka chokaa nyeupe juu ya zege, na tumekuwa tukiirudia kila baada ya masika. Hiyo peke yake ilikuwa kazi ya siku mbili na gharama ndogo, na tofauti yake mama aliihisi usiku wa kwanza. Pili, juu ya zege tulisimamisha paa jepesi la mabati, limeinuliwa kiasi cha kimo cha mtoto, pande zote wazi, upepo ukipita chini yake. Tatu, tulitoboa matundu juu ya ukuta wa jirani, baada ya kumwendea na kumtaka idhini, naye akatusaidia kubeba kifusi. Nne, upande wa magharibi tulipanda mwarobaini. Mti ulichukua miaka mitatu hata ukafika dirishani, na mama alikuwa akiumwagilia maji ya kuoshea vyombo akiuambia ufanye haraka.

Hayo maji yananifikisha kwenye jambo jengine. Mabomba hupangwa kabla ya sakafu, na baada ya vigae kubandikwa kila kosa hulipwa kwa nyundo. Maji ya udhu, ya kuoga na ya kufulia yanaweza kutengwa na maji ya choo kwa bomba lake peke yake, yakaenda kwenye migomba na mipapai. Bomba hilo likiwekwa mwanzoni ni gharama ndogo. Likiwekwa baadaye ni kuvunja bafu zima. Na kwa kuwa tumelitaja la udhu, tuseme kweli. Mtume, rehema na amani zimfikie, alitosheka na kibaba kimoja cha maji kwa udhu wake, nacho hakifiki lita moja. Mfereji uliofunguliwa wote humwaga lita 6 hadi 10 kwa dakika. Mtu akitawadha dakika mbili huku anazungumza na mwenzake, ametumia ndoo nzima. Fundi anaweza kupunguza mkondo kwa vali ndogo chini ya sinki, nayo hugharimu pesa kidogo kuliko mtungi mmoja wa gesi.

Mvua pia ni mali. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita 60 za mraba, ikinyesha milimita 25 usiku mmoja wa Mei, hupokea lita 1,500. Hata ikipotea sehemu yake, ni maji matamu ya kufulia na ya kupigia deki kwa siku kadhaa, kwa nyumba ambayo kisima chake kina chumvi. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yaachwe yapite, kwani yana vumbi na uchafu wa ndege. Tangi lifunikwe. Na mkumbuke kuwa lita 1,000 zina uzito wa tani moja. Tangi haliwekwi juu ya ukuta wowote ule kwa sababu tu pana nafasi. Fundi wa bomba na fundi wa ujenzi wazungumze kabla, si baada ya ufa kuonekana.

Kwenye chumvi nataka nikae kidogo, maana Pwani tunaichezea. Zege iliyochanganywa kwa mchanga wa baharini au maji ya kisima chenye chumvi hula vyuma vilivyo ndani yake. Kutu huvimba, zege hupasuka, na vipande huanguka kutoka darini miaka michache baadaye, aghalabu juu ya kitanda. Mwenye nyumba haoni kosa hilo siku ya kumwaga. Kadhalika kisima na shimo la choo visikae karibu. Wengi hushauri mita 30, nazo katika kiwanja cha futi 50 kwa 100 hazipatikani. Mwamba wetu wa matumbawe una nyufa na maji hupita ndani yake kwa kasi, hivyo hata mita 30 si hakikisho. Maji ya kisima cha mjini yachukulieni kuwa ya kufulia na kuoshea, na ya kunywa yachemsheni au yatieni dawa.

Sasa la umeme, na hili nitalisimulia lilivyotokea, ingawa linanitia aibu. Miaka mitano nyuma, mama alipoanza kuumwa na magoti, nilimwekea kile chombo cha shawa kinachochemsha maji papo kwa papo. Fundi niliyempata alikuwa mwepesi wa bei na mwepesi wa kazi. Alivuta waya kutoka kwenye soketi ya karibu, akaufunga, maji yakatoka moto, tukamlipa, tukamwombea. Siku ya tatu mama alitoka bafuni ameshika mkono wake, akasema mfereji umemuuma. Sisi tukacheka kidogo, Mungu atusamehe. Binti yangu huyu anayejenga leo, wakati huo akiwa msichana wa shule, ndiye aliyekataa kucheka. Alikwenda akazima swichi kuu, akakaa mbele ya mlango wa bafu, asiruhusu mtu kuingia hadi aje fundi mwengine.

Fundi wa pili alikifungua kile chombo akatuonyesha. Waya wa athi, ule wa rangi ya kijani na manjano, ulikuwa umekatwa na kukunjwa ndani. Haukuungwa popote. Waya uliopeleka umeme ulikuwa wa soketi, milimita 2.5, ilhali chombo kile huvuta kilowati 5 na hutaka waya mnene zaidi na breka yake peke yake. Umeme ukivuja ndani ya chombo kama hicho, hauna pa kwenda ila kupitia kwa maji na mwili wa mwenye kuoga. Lau mama angekuwa ameshika mfereji kwa mikono miwili, huenda ningekuwa naandika habari nyingine.

Kwa hiyo mama zangu, jambo hili msilione ni la wanaume. Muulizeni fundi wa umeme leseni yake ya EPRA kabla hajapanda ngazi, nayo haina haya kuulizwa. Mwambieni awaonyeshe chuma cha athi kilichozikwa ardhini nje ya nyumba. Kwenye kisanduku cha breka pawepo kile kikata umeme cha miliampia 30, ambacho hukata mara moja umeme unapovuja, nacho kina kitufe kilichoandikwa T. Kibonyezeni mara moja kwa mwezi. Kikikata, kizima. Kisipokata, mwiteni fundi siku hiyo hiyo. Na kabla ukuta haujapigwa lipu, pita kila chumba na simu yako upige picha za nyaya na mabomba yote yalivyolala. Siku mtu atakapotaka kupigilia msumari wa pazia, picha hizo zitakuwa na thamani kuliko picha za arusi.

La jikoni nalo lisipite. Jiko la makaa halilazwi ndani ya chumba kilichofungwa, hata siku ya mvua, hata kwa kufukiza udi tu kwa muda mrefu. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Mtungi wa gesi ukiweza kukaa nje ya ukuta, kwenye kivuli, ni bora. Jokofu lisikae ubavuni mwa jiko, na nyuma yake pabaki nafasi ya kupumua. Nguo zipigwe pasi kwa pamoja badala ya moja moja kila asubuhi. Ama sola, wengi wananiuliza. Ni neema, na jua tunalo, lakini anzeni kwa kupunguza matumizi ndipo mnunue. Nyumba ya feni na taa za LED hutosheka na mabamba machache, na nyumba ya viyoyozi vitano haitosheki na paa zima.

Ijumaa iliyofuata mkwe wangu alipiga simu. Alinisalimu kwa adabu kama kawaida yake, kisha akasema, "Baba, nasikia mchoro haukukupendeza."

Nikamwambia, "Mchoro ni mzuri, mwanangu. Ni wa Doha."

Akasema kule kila nyumba ina kiyoyozi na vioo, na watu wanaishi. Nikamweleza kwamba kule kiangazi hupita nyuzi 40, upepo wenyewe ni wa moto, na mtu hana budi kujifungia. Huku kwetu ni nadra kupita 34, na bahari inatupepea karibu kila alasiri. Tukiziba nyumba tunafukuza tulichopewa bure, kisha tunakinunua kwa tokeni.

Alinyamaza kwa muda. Halafu akasema neno ambalo nimelifikiria sana tangu siku hiyo. "Baba, nina miaka sita huku. Mtoto wangu wa pili nimemshika mara mbili. Sitaki watu wapite waseme, huyu alikwenda Uarabuni akarudi akajenga banda."

Sikuwa na jibu la haraka. Mtu anayejenga akiwa mbali hajengi kuta tu. Nilimwambia hakuna atakayejenga banda. Sebule yake ya vioo itakuwepo, ila itageuzwa iangalie kibla, chini ya baraza pana lenye nguzo, na lango lipambwe kwa mlango wa nakshi ambao kila mpita njia atauona. Nikampa simu binti yangu. Walizungumza kwa muda mrefu, mimi nikatoka nje. Aliporudi alisema wamekubaliana. Viyoyozi vitano vimekuwa kimoja, cha chumba chao, na hicho hakuachilia, nami sikumsukuma. Pesa zilizobaki zitaingia kwenye upenu, dari ya ndani, na nyaya nene zilizo na athi.

Jumapili tulikwenda kiwanjani kupiga mambo na kamba. Tulimchukua mama, tukamwekea kiti chini ya mkorosho. Ilikuwa saa kumi alasiri, kusi linavuma. Mhandisi alifungua karatasi akaanza kueleza jiko litakuwa wapi, na binti yangu akamkatiza kwa adabu, akamgeukia bibi yake. "Bibi, wewe ungeliweka wapi?"

Mama aliuinua mkono wake ule ule ulioumwa na mfereji, akaupeleka kwenye upepo, kisha akaelekeza pembe ya kaskazini magharibi. Akasema, "Huku. Moshi uende zake, na jua la jioni lipigane na masufuria, lisipigane na watoto."

Mhandisi aliitazama karatasi yake, akatoa kalamu mfukoni.